Terere Nyekundu Nyuma ya Migomba

Punje nyeusi ya terere, ule mchicha wa nafaka, ukiitafuna kwenye uji inalia kama mchanga. Nyeupe haina neno, inapita na uji wake, laini, na ile harufu inayokaribia ya simsim iliyokaangwa. Siku ya tatu baada ya kumzika Mama, mdogo wangu Kendi alinimiminia kikombe cha uji wa terere jikoni kwa Mama kule Rapsu. Nikanywa polepole, kila funda nikilishika kidogo kati ya meno, nikingoja mchanga. Haukuja. Nikaomba kikombe cha pili. Haukuja.

"Mbona unatafuna uji?" Kendi akaniuliza.

Nikamwambia ni mazoea ya kula haraka kazini.

Sikuwa nimelia kaburini, na sikulia pale jikoni. Najua watu waliniangalia. Mimi ni mpishi wa kambi za watengenezaji barabara, na barabara ikisonga jiko nalo linasonga. Nimepika Laisamis, nimepika Turbi, nimepika Garba Tulla na ng'ambo ya Lodwar, na sijawahi kulala mahali pamoja misimu miwili ya mvua ikapita. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mimi nimezoea kuaga. Labda ni hivyo. Nilikuwa nimekaa kwa kile kigoda cha Mama, nikiangalia kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi, kimezibwa kwa gunzi la mahindi, mahali palepale kilipokuwa nilipokuwa mtoto wa miaka tisa.

Shamba letu lilikuwa mwisho wa mfereji, mahali maji hufika yakiwa yamechoka. Walio juu walimwagilia kwanza vitunguu vyao na mahindi, na zamu yetu ilipofika ilikuwa ni tope la kahawia linalotambaa. Kando ya mfereji kulikuwa na migomba, kisha mistari ya mahindi, kisha terere ya Mama. Baada ya ua wa miiba kulianza nchi kavu, migunga na vumbi la mbuzi. Ukisimama kati ya mistari ya terere zamu ya maji ikiwa imepita jana, ulinusa udongo uliolowa upande mmoja na vumbi upande wa pili, na hapakuwa na mpaka ila ule ua.

Shamba lilikuwa la Baba Kendi. Baba yangu mimi alikuwa Mturkana wa Isiolo mjini, akafa kabla sijaijua sura yake. Mama alikuwa Mmeru, na alipoolewa tena na Mmeru mwenzake alifika Rapsu akiwa amebeba vitu viwili, mimi mgongoni na kile kibuyu cha mbegu mkononi, mbegu aliyopewa na mama yake kule milimani. Baba Kendi alitupokea wote. Hakunipiga hata siku moja. Hakunibeba pia. Kisha akazaliwa Kendi, kisha wavulana wawili, wote wekundu wa ngozi na wafupi kama wazazi wao. Mimi nilikuwa mweusi, na miguu yangu ilikuwa mirefu mapema. Wanawake kwenye mfereji waliniangalia, wakamuuliza Mama kama ni mtoto wa jirani. Mama alisema, "Ni wangu," akaendelea kuchota. Jina langu la Kiturkana halikukaa vizuri midomoni mwa watu wa pale, kwa hiyo ingawa ni mimi niliyetangulia kuzaliwa, watu walimwita Mama kwa jina la Kendi. Aliitika.

Kile kibuyu ndicho kilichomfanya Mama awe mtu Rapsu. Mwanzoni walimcheka. Jirani yetu Mama Halake, Mborana mwenye mbuzi wengi na mdomo mwepesi, alisimama kwenye ua akauliza, "Mama Kendi, hii majani yote unalima, ng'ombe yako iko wapi?" Lakini Mama Halake alipojifungua na maziwa yakakosa kushuka, Mama alimpelekea uji wa terere siku baada ya siku, na baada ya hapo yule mama alikuwa akija mwenyewe na kikombe, anapiga salaam aleikum kutoka mbali, Mama anajibu aleikum salaam na kuweka sufuria. Wanawake wengine wakafuata. Mvua ikikaribia walikuja mmoja mmoja kuomba mbegu. Mama aliwamiminia kwenye pindo la leso, na kulikuwa na desturi yake, hakuna kusema asante. Ukishukuru kwa mbegu, alisema, umemaliza mambo na aliyekupa. Aliyepokea alisema tu, "Tutaonana shambani," akafunga pindo na kwenda.

Kupata mbegu safi ilikuwa kazi ya msimu mzima. Mama alichagua vichwa vizuri vikiwa bado vichanga, akavifunga utambi wa leso iliyochakaa. Wa rika langu mnazijua leso hizo, zilizoanza kwa kubeba mtoto zikaishia kuwa matambara ya kila kazi. Mmea uliofungwa utambi haukuchumwa hata jani moja, hata kama usiku huo tungelala kwa ugali na chumvi. Vilipokomaa alivisugua kiganjani, na punje zikianguka zenyewe alivikata asubuhi, umande ukiwa bado, ili zisimwagike njiani. Alivipiga kwa fimbo juu ya turubai, akapepeta kwa uteo, akaanika kivulini. Halafu alichukua punje moja akaiweka kati ya meno ya mbele. Ikibonyea, bado. Ikivunjika kwa mlio, imekauka, inaweza kuchanganywa na jivu na kuingia kibuyuni.

Kazi yetu watoto ilikuwa kabla ya hapo, terere zikiwa karibu kuchanua. Tulipita mistari yote tukitafuta terere za msituni, zile zinazojiotea, kwa sababu hizo zina punje nyeusi. Mama alitufundisha namna ya kuangalia. Simama, alisema. Angalia moja, halafu angalia jirani zake wa kushoto na wa kulia. "Ile haifanani na zingine, ng'oa," alituambia. "Hata kama ni nono. Sana sana kama ni nono. Ukiiacha itaharibu wenzake."

Kendi aling'oa akiimba. Mimi nilianza kuona vibaya. Jioni tulikaa kuzunguka moto, vichwa sita, na nilifanya vile nilivyofundishwa. Niliangalia mmoja, nikaangalia jirani zake. Kendi na wavulana. Mama na Baba Kendi. Halafu nilijiangalia mikono. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni jambo ambalo kila mmoja pale analijua na wananificha tu, kwamba kuna siku fulani kabla ya kuchanua ambapo anayefanya kazi hiyo atanifikia mimi.

Msimu huo upande wa migomba ulikuwa zamu yangu. Nyuma kabisa, pale maji yalipokwama na hakuna mtu aliyefika ila kukata ndizi, nilikuta terere moja iliyonipita kimo. Shina lake lilikuwa jekundu kama damu ya mbuzi, majani yana wekundu kwa chini. Niliishika kwa mikono miwili nikavuta. Mizizi ilikuwa imeshika. Ningeweza kuita Kendi tuvute pamoja. Niliiachia, nikafuta mikono kwa sketi, nikatoka kwenye migomba nikamwambia Mama huko hakuna kitu.

Nilifanya nayo mapatano. Kama itafika mavuno na hakuna mtu ataiona, basi na mimi nitabaki. Niliipelekea maji kwa kopo hata siku ambazo zamu ya maji haikuwa yetu, na hilo kule Rapsu ni wizi unaoweza kupiganisha wazazi. Ikachanua, kichwa kirefu chekundu kilichoinama kama mkia wa jogoo. Hakuna aliyeiona. Mavuno yakafika, mbegu ya Mama ikapepetwa, na ilikuwa nyeupe tupu. Niliiangalia kwenye uteo kwa muda mrefu. Hakuna kilichoharibika. Nilienda nyuma ya migomba nikakitikisa kile kichwa chekundu juu ya sketi yangu, zikaanguka punje nyeusi zinazong'aa, nikazijaza kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Shina nilikata nikalitupa kwenye mfereji. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu nakumbuka nilikuwa nayo, ingawa siwezi kuisikia tena.

Nilichokuwa sikijui, na Mama alikijua bila kuwa na maneno ya kitabu, ni kwamba terere huoana kwa upepo, na mwaka wa kwanza hauonyeshi kitu. Punje inabaki na rangi ya mama yake. Ni ukiipanda ndiyo mtoto anakuja na ya baba.

Mvua iliyofuata Mama aligawa mbegu kuliko miaka yote. Karibu kila mama wa mwisho wa mfereji alipanda. Zikaota, na katikati ya mistari yetu yakaanza kuonekana mashina yenye wekundu, moja hapa, matatu pale. Mama aling'oa akang'oa. Nyingine zilifanana na wenzake kabisa mpaka siku ya kusugua kichwa kiganjani. Alisugua kimoja mbele yangu, akafungua mkono, na kiganja kilikuwa na punje nyeusi na vumbi. Akasugua cha pili. Akafunga mkono.

Ilikuwa hivyo kwa kila aliyepewa. Mama Halake alikuja na kikombe chake akakiweka chini. "Mama Kendi, leo umenipikia mchanga ya laga," akasema, mchanga wa mto mkavu, akacheka, na Mama akajaribu kucheka naye. Wengine hawakucheka. Mmoja alisema pale mferejini, akijua Mama anasikia, kwamba mbegu ya kuhamahama huwa haina mwenyewe. Msimu ulipokwisha na mawingu yakaanza kujikusanya tena, Mama alifagia mlango wa jikoni, akashusha kibuyu, akaweka kigoda cha mgeni. Hakuna aliyekuja. Siku ya pili akakiweka tena. Siku ya tatu akakirudisha kigoda ndani.

Akaanza kuchambua. Kama hujaona punje ya terere, ni ndogo kuliko ya wimbi. Elfu nyingi zinaingia kwenye kikombe. Mama alitandaza mbegu kwenye uteo, akakaa palipo na jua, akalowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akaigusa punje nyeusi ikashika, akaifuta kwenye kitambaa. Akalowesha tena. Ilikuwa kazi isiyokuwa na mwisho na haikuwa na faida, kwa sababu hata nyeupe zilizobaki hapakuwa na wa kujua ni zipi zimeoana na nini. Nadhani alijua. Mchana kutwa kidole kilienda ulimini na kwenye uteo. Nilisimama mlangoni.

"Kuna moja iliachwa," akasema. Hakuwa akiniambia mimi, aliuambia uteo. "Mwaka jana. Baba ya hizi alikuwa hapa karibu."

Kidole kikarudi kwenye uteo.

"Nani aliangalia upande wa migomba?"

"Ni mimi."

"Na hukuona kitu."

"Sikuona."

Akalowesha kidole. "Sawa," akasema.

Nilingoja apandishe sauti, au asimame. Alichukua punje nyingine. Nimesikia neno hilo kwa watu wengi tangu siku hiyo, kwa wasimamizi, kwa wanaume wawili niliowahi kuishi nao, na kila mara nasikia kidole kikifutwa kwenye kitambaa.

Hazikupita wiki nyingi dada yake baba yangu akaja kutoka Wabera, mjini Isiolo. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Alikuwa mrefu, mweusi, na alipotembea kutoka barabarani Mama Halake alinipigia kelele kutoka kwa mbuzi wake kwamba leo nimekuja nikiwa mzee. Shangazi alileta sukari na majani ya chai. Akanisalimia kwa Kiturkana, lugha nisiyoijua. Yeye na Mama waliongea Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo mimi niliyekaa nje nyuma ya ukuta nilisikia kila kitu nilichotaka kusikia.

Mama alisema, "Hapa wanasongana. Akikaa mbali atakua vizuri."

Maneno hayo niliyajua. Aliyasema kila mwaka akipunguza miche, ile iliyoota ikikaribiana sana. Alishika ya katikati akaivuta, akasema hizi zinasongana. Na miche iliyovutwa hatukuitupa. Tuliichemsha jioni ileile tukala na ugali.

Nilikunja nguo zangu. Kichupa nilikisukuma kwenye ufa wa ukuta wa udongo, nyuma ya mti wa kona, mpaka kidole kisifike. Asubuhi Mama alinisindikiza hadi barabarani. Alinifunga leso shingoni ingawa hakukuwa na baridi. Hakulia, nami nikaona ndivyo inavyofanywa, nikajifunza hapohapo. Gari lilipoondoka niliangalia mbele.

Wabera sikuteswa. Shangazi alikuwa na kibanda cha chai karibu na msikiti, na nilikuwa na kitanda changu mwenyewe. Watoto pale walifanana na mimi na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Nilisoma nikamaliza kidato cha nne. Kila muhula ukifungwa Mama alikuja na unga wa terere kwenye mfuko wa kitambaa, nami nikampokea vizuri, nikamwekea maji ya kunawa, nikamuuliza habari ya Kendi na habari ya mvua. Kwa likizo nilienda Rapsu, mwanzoni zote, halafu baadhi, halafu nikapata kazi ya kambi. Uji wake kwa miaka mingi ulikuwa na mchanga, kila mwaka ukipungua kidogo kuliko mwaka uliopita. Sikuuliza anafanyaje. Hakusema.

Shangazi alipozeeka aliniambia mwenyewe, nikimsuka nywele, kwamba alimwomba Mama anipe kwake tangu siku alipozikwa baba yangu, na Mama alikataa miaka minane. Alikubali kwa sababu shule ya Rapsu wakati huo iliishia darasa la nne, na mimi nilikuwa nimelimaliza. Ndiyo sababu peke yake. Nilimsikiliza nikaendelea kusuka. Ilikuwa kama kuambiwa barabara fulani ilifungwa zamani, wakati wewe ulishazunguka na kufika.

Sasa nirudi kwa kile kikombe cha pili cha uji. Kendi alipokiosha, alipanda kwenye kigoda akashusha kibuyu, akaniambia yeye ndiye atakayekitunza, kwa sababu wanawake wameshaanza kumuulizia, na mkubwa wa Mama Halake, mzaliwa wake wa kwanza, alikuja jana kusema tutaonana shambani hata kabla hajapewa. Nikamwambia hivyo ni vizuri. Halafu akaingiza mkono nyuma ya rafu akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, kimefungwa utambi wa leso.

"Hii ni yako," akasema.

Kilikuwa kilekile, na kifuniko kilekile chenye kutu, ila punje ndani zilikuwa mpya. Zilikuwa zinang'aa.

"Ni mbegu gani?"

"Zile nyekundu zako. Mama alipata chupa kwa ukuta tukipiga udongo upya. Ulikuwa umeenda karibu mwaka."

"Alijuaje ni yangu?"

Kendi aliniangalia kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Nani mwingine angeficha mbegu kwa nyumba ya Mama?"

Nikamuuliza Mama alisema nini alipokipata. Kendi alifikiri. Akasema Mama alikaa nacho mapajani, halafu akasema zikipandwa hapa zitaharibiana, hizi zitapotea na zile zitapotea, na zisipopandwa zitakufa. Kwa hiyo akamwomba Mama Halake kipande kidogo ng'ambo ya barabara, mbali, nyuma ya boma la mbuzi. Alipanda mashina manne au matano kila mvua, akazizungushia miiba mbuzi wasile, akazibebea maji kwa mtungi mpaka mwaka huu alioanguka.

"Tulikuwa tunamwambia, Mama, hiyo hata uji haifai, ya nini?" Kendi akasema. "Anachukua mtungi tu. Anasema, ngoja niende nione mkubwa wangu."

Wakati wote ule, nyuma ya migomba na nyuma ya ukuta, nilifikiria tu kwamba ile nyekundu ingeharibu nyeupe. Haikuwahi kunijia kwamba nyekundu nayo ingeweza kupotea ikikaa pale.

"Sawa," nikamwambia Kendi. Ndilo neno nililokuwa nalo.

Nilirudi kambini. Mvua ilipogusa nilichimba nyuma ya jiko, pale tunapomwaga maji ya kuoshea sufuria, nikapanda punje chache kutoka kwenye kichupa. Zimeota tano. Zimenipita kimo, mashina yake mekundu vilevile, na vichwa vimeanza kuinama. Viwili nimevifunga utambi. Vijana wa kambi wanauliza ni mboga gani isiyochumwa, na nimewaambia atakayegusa jani atakula mawe wiki nzima.

Jana msimamizi alikuja jikoni kuniambia lami imefika daraja la pili na wiki ijayo tunahama, nianze kufunga vyombo. Nilimwambia watafute mpishi wa kuanzia kule, mimi nitabaki kwa muda. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kunisikia nikisema nitabaki mahali. Aliangalia jiko, akaangalia lile pori na vumbi, akaniuliza hapa nabaki nikingoja nini.

Nikamwambia nangoja zikauke.